Mgeni wa Kushinda na Kuta za Cinque Terre

Treni ya kutoka La Spezia huingia handakini, hutoka, bahari ikaonekana upande wa kushoto kwa sekunde chache, kisha giza tena, kisha kituo: Riomaggiore. Baada yake huja Manarola, Corniglia, Vernazza na Monterosso, kila kimoja kwa mwendo wa dakika chache. Hivi ndivyo vijiji vitano vya Cinque Terre, katika pwani ya Liguria huko Italia, na mgeni aliyefika asubuhi huweza kuvipitia vyote na kurudi mjini kabla ya chakula cha usiku. Wengi hufanya hivyo hivyo. Ni wageni wa kushinda, si wa kulala. Kwa sababu hiyo vijiji hivi vimezoeleka kama safu moja ya pwani, kituo baada ya kituo. Hoja yangu ni kwamba safu hiyo ina umri wa karne moja na nusu tu, na mwenye kuipanga ni reli. Kwa karne nyingi kabla ya hapo nchi hii ilikuwa ya kupanda na kushuka, na asiyelijua hilo hawezi kueleza kwa nini leo milima yake inaporomoka.

Tuanze na watu wenyewe walikotoka. Manarola ilianzishwa na watu walioshuka kutoka Volastra, kijiji kilicho zaidi ya mita 300 juu ya bahari. Makao ya juu yalitangulia. Bandari zilifuata, pale watu walipothubutu kukaa karibu na maji. Hata waliposhuka hawakukata mguu wa kurudi. Kila kijiji kina kanisa lake la hija mlimani: Monterosso ina Soviore, Vernazza ina Reggio, Riomaggiore ina Montenero, Corniglia ina San Bernardino, na Manarola ina kanisa la Volastra kwenyewe. Siku ya sikukuu watu walipanda pamoja, wakasali, wakala, wakashuka jioni. Ukitafuta safari ya siku moja ya kale katika pwani hii, ni hiyo, na ilielekea juu. Mtu anaweza kusema kwamba wanavijiji walitembeleana pia kwa njia za ubavuni na kwa mashua. Ni kweli. Lakini riziki ya kila siku haikuwa kijiji cha jirani. Ilikuwa shamba lililoning'inia juu ya paa la nyumba.

Shamba hilo lilitengenezwa kwa mikono. Mlima ulikuwa mkali mno kwa jembe, basi ukakatwa ngazi, na kila ngazi ikazuiliwa kwa ukuta wa mawe usio na chokaa wala udongo wa kushikizia. Mawe makubwa hukaa chini, madogo huzibia mapengo, na nyuma ya ukuta hujazwa kokoto ili maji ya mvua yapenye polepole. Kukosa chokaa ndiko kunakouponya ukuta: maji yakipata pa kutokea hayausukumi. Kokoto zikizibwa na udongo, ukuta huota tumbo, jiwe moja hutoka, na masika yanayofuata huacha pengo la upana wa mlango. Basi kazi ya kuta haikuisha hata mwaka mmoja. Wanawake walibeba zabibu kichwani kwa makapu, wakishuka ngazi zisizo na kingo, na mashamba yaliyofika kwenye majabali ya bahari yalivunwa kwa mashua. Malipo ya taabu hiyo yalikuwa mvinyo uliojulikana mbali. Katika Decameron ya Boccaccio, kitabu cha karne ya 14, mnyang'anyi anamtibu abati tumbo lake kwa mkate uliookwa na glasi ya vernaccia ya Corniglia. Corniglia haina bandari. Iko juu ya jabali, kama mita 100 kutoka majini, na kutoka kituoni hupandwa kwa ngazi zaidi ya 370. Jina lake lilisafiri kwa sababu ya kilichokua ubavuni mwake.

Mageuzi yalikuja kwa hatua mbili zilizofuatana. Mwaka 1869 ilifunguliwa karakana kubwa ya jeshi la majini huko La Spezia, na mwaka 1874 kipande cha reli kati ya Sestri Levante na La Spezia kikakamilisha njia ya kutoka Genoa. Kwa mara ya kwanza kijana wa Riomaggiore aliweza kwenda kazini mjini, akalipwa kwa mwezi, akalala kwao. Mchoraji Telemaco Signorini alikiona kijiji hicho mwaka 1860, kabla ya reli. Kuanzia miaka ya 1880 alirudi mara kwa mara na kuchora watu wake. Mshairi Eugenio Montale, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1975, alipitisha majira ya joto ya utoto wake katika nyumba ya familia yake huko Monterosso. Hao walikuwa wageni wa kulala. Wa kushinda waliongezeka baadaye, hasa baada ya UNESCO kuiweka pwani hii katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997 na hifadhi ya taifa kuundwa mwaka 1999. Mwaka 2015 walikadiriwa kufika watu 2,500,000, katika vijiji ambavyo wakazi wake wote hawafiki 4,000.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapoingia, na lina uzito. Watu waliacha kuta kabla mtalii hajazijua, kwa sababu kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo na mshahara wa karakana ulikuwa wa uhakika. Kumlaumu mgeni ni kumsingizia. Tena bila fedha zake vijiji hivi vingebaki magofu. Nakubali yote mawili, na simtakii binti yeyote arudishiwe kapu kichwani. Lakini tazama njia iliyowachukua vijana na njia iliyowaleta wageni: ni reli ile ile. Iliutoa mlimani uchumi wote na kuulaza pwani. Fedha ya mgeni ni ya kweli, ila huishia pale anapofika, yaani kwenye mgahawa, chumba cha kupangisha na duka la kando ya kituo. Hakuna sheria ya asili inayoipandisha hadi ngazi ya hamsini, uliko ukuta wenye tumbo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Utaratibu wa kushinda umejengwa kwa namna ambayo siku ya tatu haifiki.

Gharama yake ilionekana tarehe 25 Oktoba 2011. Mvua ya saa chache iliteremsha matope na mawe juu ya Vernazza na Monterosso. Barabara kuu ya Vernazza, iliyojengwa juu ya kijito, ilijaa hadi ikafunika milango ya maduka, na watu walikufa. Mvua ile ingeleta maafa popote. Hata hivyo waliochunguza bonde la Vernazza waliona kwamba ardhi ilikatika zaidi katika mashamba ya ngazi yaliyotelekezwa, hasa yaliyoachwa si zamani sana: kuta zimeanza kubomoka, na msitu bado haujapata mizizi ya kuushika udongo. Mwaka uliofuata mawe yaliwaangukia watalii kwenye Via dell'Amore, njia ya pwani kati ya Riomaggiore na Manarola. Njia hiyo ilikarabatiwa kwa zaidi ya euro milioni 20 na kufunguliwa tena 2024. Sisemi fedha hiyo ilipotea. Nasema inaonyesha ni njia ipi inayohesabiwa kuwa ndiyo Cinque Terre.

Zipo pia dalili za kurudi kwenye kuta. Ufundi wa kuta kavu uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika urithi usioshikika, Italia ikiwa miongoni mwa nchi 8 zilizouombea. Mwaka 2019 mradi uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya ulianza kukarabati hekta kama 6 juu ya Manarola na kuwafundisha watu kazi hiyo. Wakulima waliobaki wana vitoroli vya injini vinavyopanda mlima juu ya reli moja nyembamba, vikibeba mawe kwenda juu na zabibu kuja chini, na bado hukausha zabibu hadi Novemba kwa ajili ya sciacchetrà, mvinyo mtamu wa kwao. Hekta 6 ni chache. Lakini historia ya mahali hapa inaonyesha pa kuanzia kupanga upya safari ya mgeni, na si kituoni. Njia ya mawe kutoka Monterosso hadi Soviore bado ipo. Hupanda kwa zaidi ya saa moja, ikipita kando ya kuta zilizosimama na zilizolala, na anayeifuata hadi kanisani hawezi kuviona vijiji vingine vinne siku hiyo hiyo bila kukimbia.