Tibanafsi na majina yaliyoitangulia

Tibanafsi ni matibabu yanayofanywa na mtaalamu wa saikolojia kwa vikao vilivyopangwa, bila dawa. Dhana yenyewe inaeleweka. Kilichoharibika ni jina. Kwenye mabango na machapisho kazi hii huitwa ushauri nasaha, tiba ya akili, tiba ya mazungumzo au saikotherapia, na kila jina lina kasoro ambayo walioliteua walipaswa kuiona.

Ushauri nasaha ndilo baya kuliko yote. Shauri na nasaha ni maneno yenye asili ya Kiarabu yanayokaribiana mno kwa maana, hivyo kuyaunganisha ni kurudia. Yalienea baada ya UKIMWI kugunduliwa Tanzania mwaka 1983, mtu alipohitaji kuandaliwa kabla ya kupima na kuelekezwa baada ya majibu, na hapo yalifaa. Kuyahamishia kwenye tibanafsi ni kumpotosha mteja. Mama wa Makanyagio au Kawajense, pale Mpanda, akiambiwa anakwenda kupewa ushauri, ataketi akisubiri kuelezwa amfanyeje mume mlevi. Mtaalamu atamuuliza usingizi wake ukoje na hofu humjia saa ngapi, kisha atanyamaza amsikilize. Mama atatoka akisema, "Nimelipa hela yangu, sijaambiwa kitu," na wiki inayofuata harudi. Hapo mama hana kosa, na mtaalamu hana kosa. Jina ndilo lililomwahidi kitu ambacho hakukipata.

Tiba ya akili nayo humpeleka msikilizaji moja kwa moja Dodoma, kwenye Hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927, ambayo mitaani huitwa Milembe na jina lake limegeuzwa tusi. Aliyefiwa na mtoto hakubali kuitwa hivyo. Wapo wanaopendekeza tiba ya roho, na hao ingefaa wafike Katavi kwanza. Mkoa huo, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una jina la Katabi, mzimu wa Wabende unaosimuliwa kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambako watu huacha sadaka. Ukisema roho, mteja atakwenda kwa mganga au kwa mchungaji.

Tiba ya mazungumzo ina nasaba nzuri: Bertha Pappenheim, aliyetibiwa na Josef Breuer mjini Vienna kuanzia mwaka 1880 hadi 1882, ndiye aliyeiita hivyo. Lakini jina hilo linataja chombo tu, na chombo hubadilika, maana watoto wadogo hutibiwa kwa michezo na michoro. Saikotherapia ni neno la Kiingereza kwa tahajia ya Kiswahili tu. Haimwambii kitu asiyeijua tayari.

Nafsi inabeba kila kinachotakiwa. Neno la Kigiriki linaloanza saikolojia lilimaanisha pumzi kabla halijamaanisha utu wa ndani. Shina la Kiarabu lililotupa nafsi ni lile lile la pumzi, na ndilo lililotupa pia nafasi. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mtu mzima husema nafsi inamsuta. Hakuna kamati iliyohitajika kulifundisha.

Wapinzani wa jina tibanafsi hudai kwamba katika tiba mionzi, istilahi iliyozoeleka Taasisi ya Saratani Ocean Road, neno la pili ni kifaa, kwa hiyo tibanafsi ingemaanisha kutibu kwa nafsi. Hoja hiyo ni dhaifu: tiba viungo haitibu kwa viungo, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuchanganyikiwa. Hoja nzito zaidi ni ya neno binafsi, lenye nafsi ndani yake: "tibanafsi binafsi" inakwaza ulimi. Dawa yake ni kusema tibanafsi ya kulipia.

Kwa matumizi: anayeianza aulize mtaalamu amesomea wapi, ada ya kikao ni kiasi gani, bima inakubaliwa au la, na siri hutunzwa hadi wapi. Kikao huwa cha dakika 50 hivi, mara nyingi mara moja kwa wiki, na kwa aliye mbali kinaweza kufanyika kwa simu. Dawa huandikwa na daktari. Anayetibu aitwe mtaalamu wa tibanafsi, na anayetibiwa aitwe mteja.