Kabla ya Kung'oa Shina

Ndugu msikilizaji, mvinyo mwekundu wa Petrus, unaotoka kijiji cha Pomerol karibu na mji wa Bordeaux, Ufaransa, ni kinywaji cha matajiri. Habari za bei yake zimeenea. Habari za mwaka 1956, mizabibu yake mingi ilipokaushwa na baridi, hazisimuliwi sana.

Zabibu za Dodoma hazijui theluji. Kule Pomerol mizabibu hulala msimu wa baridi na kuamka joto linaporudi. Januari 1956 kulikuwa na uvuguvugu usio wa kawaida, mizabibu ikadanganyika, utomvu ukaanza kupanda. Februari ikashuka baridi iliyokaribia nyuzi 20 chini ya sifuri. Utomvu ukaganda, mashina yakapasuka.

Majirani wengi waling'oa na kupanda upya. Nao walikuwa na hoja: mche mpya huanza kuzaa baada ya miaka mitatu minne, na mkulima mwenye deni hana muda wa kubembeleza kisiki. Lakini mwenye Petrus, Madame Loubat, mjane aliyekuwa pia na hoteli mjini Libourne, alikataa. Shamba lake lilikuwa dogo, halikufika hekta nane, na mizabibu yake ilikuwa ya umri mkubwa. Aliagiza mashina yaliyokufa yakatwe chini, vikonyo vipya vibebeshwe kwenye mizizi iliyokuwa bado hai. Hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba vitashika.

Vikashika. Mwaka 1961 msimu ukawa mgumu tena: baridi ilipukutisha maua, na mavuno ya Bordeaux nzima yakawa haba. Kisha ukaja ukame. Mizizi ile ya zamani ilikuwa ndani ya udongo wa mfinyanzi utunzao maji, na zabibu chache zilizobaki ziliiva barabara. Mvinyo wa Petrus wa mwaka huo ukahesabiwa miongoni mwa mivinyo bora ya karne ya 20.

Madame Loubat alifariki mwaka huohuo wa 1961. Mvinyo wa namna ile huchukua miaka mingi kukomaa, hivyo hakuwahi kuonja uliotajwa baadaye kwa sifa hizo.

Ndugu msikilizaji, hasara inapoangukia shamba, duka au kiwanda, ushauri wa kwanza huwa ni kung'oa na kuanza upya. Mara nyingine ndiyo dawa. Lakini kabla ya kushika jembe, ni busara kufukua kidogo na kutazama kama mizizi nayo imekufa.