MKUBWA WA KALASI NI MTUMISHI
Historia fupi ya utumishi wa watoto katika masomo yetu ya kikatolika



Katika kitabu hiki wengine wameeleza habari za kanisa, za makatekista na za mashirika. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za watoto. Mgeni apitaye Katanika asubuhi, kabla ya kengele kulia, ataona watoto wawili watatu waliotangulia wenzao masomoni. Mmoja ameshika ufagio, wa pili amebeba maji, wa tatu anafuta ubao. Hao ndio wakubwa wa kalasi na wasaidizi wao, nao wanafanya kazi hiyo hata kabla mwalimu hajafika. Nani aliyewafundisha ya kwamba mkubwa ndiye wa kwanza kushika ufagio? Desturi hiyo ina historia yake, na tena ina adui wake. Tungependa kueleza yote mawili.

Watoto waliokombolewa

Turudi kwanza Mpala, kando ya ziwa, kusini mwa mji wetu. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga boma mahali pale. Mwaka 1885 boma lile lilitolewa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, na ng'ambo ya ziwa walipokea vilevile boma la Karema. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa ikiharibu inchi zote za Tanganyika. Mwaka 1887 Kapiteni Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, alifika Mpala ili kuwalinda watu, naye hakurudi tena kwao; alifariki Moba mwaka 1927.

Kati ya wanafunzi wa kwanza wa mapadri wale walikuwamo watoto waliokombolewa mikononi mwa wauza watu. Walikuwa wametengwa na baba na mama zao, na wengine hawakusikilizana kwa lugha. Katika nyumba ya namna ile mtoto mkubwa hakuweza kungoja atumwe. Kama yeye hakumshika mdogo mkono, nani angemshika?

Mfano wa Adrien Atiman unatuonyesha jambo hilo. Alinyakuliwa angali mtoto katika inchi inayoitwa leo Mali, akakombolewa na Mapadri Weupe, akapelekwa Malta kujifunza uganga. Tangu mwaka 1889 alikuwa Karema, mganga na katekista pamoja, naye alitibu wagonjwa hapo mpaka kufa kwake mwaka 1956. Aliyebebwa alijifunza kubeba wengine. Hiyo ndiyo kalasi ya kwanza ya masomo yetu.

Mwana wa Marungu

Mwana wa pili wa historia hii ni Padri Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu. Alisoma katika seminari ndogo iliyoanzishwa Mpala na kuhamishiwa baadaye Lusaka, ile ya Marungu. Tarehe 21 Julai 1917 Askofu Victor Roelens alimpa upadri huko Baudouinville, yaani Kirungu ya leo, naye akawa padri wa kwanza wa inchi ya Kongo katika nyakati zetu. Kabla ya upadri, katika miaka ya 1910 na 1911, maandiko yake juu ya roho na mawazo ya Wabantu yalikwisha kuchapishwa. Alifariki mwaka 1951 katika mji wetu huu, uliokuwa ukiitwa Albertville.

Tunamkumbuka kwa sababu moja. Mtu mwenye elimu kama yake angeweza kukaa mbali na watu wake. Yeye alirudi kwao, akawafundisha, akawasemea mbele ya wakubwa wa serikali. Elimu yake aliihesabu kuwa deni, naye alilipa deni hilo maisha yake yote.

Kapita mwenye fimbo

Lakini tusijidanganye. Pamoja na mfano huo mwema, watoto wetu waliona mfano mwingine kila siku njiani. Wakati wa ukoloni palikuwa na kapita wa barabara, kapita wa reli, kapita wa mashamba. Kapita hakulima, alisimama na kuhesabu waliolima. Mabega ya wazee wetu yalijua uzito wa fimbo yake. Basi jina hilo la kapita liliingia hata masomoni, na fimbo ikaingia pamoja nalo. Wako kati yetu wanaomkumbuka mtoto wa miaka kumi na miwili aliyepewa ufito awapige wenzake, naye alipenda kazi ile kupita hesabu na kusoma.

Baada ya uhuru tulipata misukosuko. Mwaka 1964 mji wetu ulitwaliwa na waasi, ukarudishwa na jeshi la serikali mwezi wa Agosti mwaka uleule; watu walikimbia, na masomo yalivurugika. Mwaka 1972 vyama vya vijana vya dini vilipigwa marufuku katika Zaire yote, kusudi vijana wote wawe katika chama cha vijana wa M.P.R. Mwisho wa mwaka 1974 masomo yenyewe yalitwaliwa na serikali, na somo la dini likaondolewa. Watoto walipangwa mistari waimbe na kucheza kwa kumsifu Mkubwa wa inchi. Tarehe 26 Februari 1977 mapatano yalitiwa sahihi, na Makanisa yakapokea tena ulinzi wa masomo yao. Lakini mtoto aliyefundishwa miaka ile kwamba kuongoza ni kupigiwa makofi hakubadilika kwa sababu ya karatasi iliyotiwa sahihi Kinshasa.

Vyama vilivyowafundisha watoto

Dawa ilitoka katika vyama vya watoto na vijana. Mwaka 1952 Padri Georges Defour, Padri Mweupe, alianzisha Xaveri huko Bukavu, nayo ikaenea katika majimbo mengi ya mashariki. Baadaye tukapata pia chama cha Kizito na Anuarite. Kizito alikuwa mdogo kati ya mashahidi wa Uganda waliouawa mwaka 1886; Sista Anuarite aliuawa Isiro mwaka 1964, naye akatangazwa mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Watoto wetu waliona kwamba hata mdogo anaweza kuwa mkubwa mbele ya Mungu. Katika vyama hivyo kiongozi huulizwa mambo mepesi: Nani mgonjwa katika kundi lako? Nani hakufika, na je, ulikwenda kwao? Mzee yule asiye na mtoto amepata maji?

Jaribu la Katanika

Halafu jaribu likafika mlangoni petu. Tangu mwaka 2016 vita kati ya Watwa na Waluba viliwafukuza watu wengi katika vijiji vya Tanganyika. Mwaka 2017 wengi walikimbilia Kalemie, na hapa Katanika uwanja ulijaa vibanda vya majani. Watoto wa wakimbizi waliingia katika kalasi zetu, na benchi la watatu likawa la watano.

Tuliona mazuri na mabaya. Katika kalasi moja mkubwa wa kalasi aliandika kila siku majina ya wenye kupiga kelele, kama ilivyo desturi. Siku ya tatu mwalimu aliitazama ile karatasi akaona ya kuwa majina yote ni ya wageni. Wenyeji walikuwa wamepiga kelele sawasawa nao. Mwalimu hakumpiga yule mtoto. Alimwambia: «Juma hili hutaandika jina la mtu. Utachota maji pamoja nao.» Basi alikwenda mtoni na wale aliowaandika. Njiani alijifunza majina yao ya nyumbani, na vijiji vyao, na nani alifiwa na baba yake. Siku ya Ijumaa alichomoa uzi wa daftari lake, akaligawanya katikati, nusu akampa mmoja wao. Hakuna aliyemwagiza.

Tunaona kwamba siku ile masomo yetu yaliponea chupuchupu. Kidogo tu, na mtoto wetu angekuwa kapita wa zamani, mwenye kalamu mahali pa fimbo.

Leo na kesho

Tangu Septemba 2019 serikali iliondoa malipo ya wazazi katika masomo ya msingi ya serikali, pamoja na yale yaliyo chini ya ulinzi wa Kanisa. Tunashukuru, maana watoto wa maskini waliingia. Lakini kalasi zilijaa kupita kiasi, na mwalimu mmoja hawezi kuwaona wote. Kwa hiyo haja ya wakubwa wa kalasi imeongezeka, na kishawishi cha kuwapa fimbo kimeongezeka vilevile. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi, kwa heshima, tunaomba mambo matatu. Wazazi wasitafute cheo cha mkubwa wa kalasi kwa ajili ya sifa ya jamaa. Walimu wasichague mwenye sauti kali kuliko wote, bali yule ambaye wadogo humkimbilia wakilia. Na ninyi mapadri wetu, mnapowabariki viongozi wapya mwanzo wa mwaka, muwape ufagio mikononi mbele ya wenzao wote. Bwana wetu alipotaka kuwaonyesha mitume ukubwa ni nini, alichukua maji na kitambaa, akainama miguuni pao.

Mungu awabariki watoto wa Katanika, wenyeji na wageni, na jubilei hii ituzalie watumishi wengi. Amina.