Siku 11 Mbarara: Mhadhiri, Sumaku na Picha ya Ubongo

Ukisimama Usagara njia panda, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kuna barabara inayoelekea Kigongo, inavuka Busisi na kuendelea Sengerema na Geita. Ifuate tu, zunguka ziwa kupitia Bukoba, vuka mpaka pale Mutukula, na mwisho wake utafika Mbarara, Uganda. Leo twende huko, maana kuna swali wanafunzi wengi wanajiuliza: hivi unaweza kutafiti picha za ubongo na kufundisha chuo kikuu ukiwa hapa kwetu, au lazima uhamie Ulaya?

Turudi nyuma kidogo. Oktoba 1971, mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT. Mwaka huohuo Hospitali ya Bugando ilifunguliwa kule kilimani Mwanza. Kabla ya hapo, eksirei ya kawaida ilionyesha mfupa wa fuvu, lakini ubongo wenyewe hauonekani. Baadaye ikaja MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei.

Tatizo ni hiyo sumaku. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, na sumaku yake hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Inataka chumba maalumu, umeme usioyumba na fundi aliyebobea. Ikiharibika na fundi yuko mbali, basi, mashine inabaki pambo.

Sasa twende Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwaka 2001 ilifunguliwa hospitali ya watoto ya CURE, na daktari Benjamin Warf akawa anawapasua watoto wenye kichwa maji, yaani maji yanayojikusanya ndani ya ubongo mpaka kichwa kinakuwa kikubwa. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 300: zaidi ya nusu yao, chanzo kilikuwa maambukizi. Alionyesha pia kwamba wengi wanaweza kufunguliwa njia ya maji ndani ya ubongo, bila kuwekewa mpira wa kudumu. Lakini mtoto wa namna hii lazima afuatiliwe kwa picha, na kila picha ya CT ni mionzi kwa kichanga.

Hapo ndipo anaingia Johnes Obungoloch, Mganda, mhadhiri wa uhandisi wa vifaa tiba katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbarara. Shahada yake ya uzamivu aliifanyia Penn State, Marekani, na mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha usanifu wa MRI ya nguvu ndogo kwa ajili ya watoto hao. Hoja ni rahisi: kwa kichwa maji huhitaji kuona kila kamshipa. Unataka kujua maji yako wapi na ubongo umebaki kiasi gani.

Kisha wakashirikiana na watafiti wa Leiden, Uholanzi. Vipuri na zana zote vilisafirishwa kwa ndege hadi Uganda. Sumaku ndogondogo zikapangwa moja moja, zikajazwa kwenye pete 23, zikafungwa nyaya, yote yakawekwa juu ya toroli la alumini. Nguvu yake ni militesla 50, yaani sehemu moja ya 30 ya ile ya hospitali. Haihitaji heliamu hata tone. Makala yao ya 2023 inasema wakufunzi walikuwa 4, na watu 6 hawakuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo. Toka mzigo kufika hadi picha ya kwanza: siku 11 hivi.

Tusidanganyane: picha zake ni hafifu kuliko za tesla 1.5, na kutoka picha ya kwanza hadi huduma ya mgonjwa kuna vipimo vya usalama na vibali.

Lakini hebu rudi kwa wale 6. Wao wenyewe walizishika sumaku, kwa hiyo siku pete moja ikilegea, kuna mtu palepale anayejua aanzie wapi. Wengi wetu tunadhani kufundisha kunakula muda wa utafiti. Hapa, bila kufundisha, utafiti ungeondoka na wageni siku ya 12.

Kwa hiyo wewe unayesoma fizikia, uhandisi au udaktari pale Bugando: ndiyo, inawezekana. Ila ukija kuwa mtafiti, usijenge peke yako.