Kaisari wa Wafranki na Lugha ya Imani

Charlemagne, mfalme wa Wafranki tangu mwaka 768, alivikwa taji ya Kaisari na Papa Leo III mjini Roma, siku ya Noeli, mwaka 800. Je, tangu siku ile alikuwa Mrumi? Einhard, aliyekaa katika jumba lake na kuandika habari za maisha yake, asema kwamba mavazi ya Kirumi aliyavaa mara mbili tu, napo ni huko Roma; siku nyingine zote alivaa kama watu wa kwao. Tena aliipa miezi na pepo majina ya Kifranki, akaanza kutunga sarufi ya lugha hiyo.

Lakini mtu huyu aliyeipenda hivi lugha ya kwao aliwatendea Wasaxon kwa ukali mno. Vita vyake nao vilianza mwaka 772, vikadumu zaidi ya miaka 30. Kumbukumbu za Wafranki zasema kwamba mwaka 782, huko Verden, watu 4,500 walikatwa vichwa kwa siku moja. Tena ikatolewa sheria kwamba Msaxon akataaye ubatizo auawe.

Alcuin, mwalimu Mwingereza aliyekuwa rafiki wa mfalme, hakunyamaza. Katika nyaraka zake za mwaka 796 alieleza kwamba imani ni jambo la hiari: mtu aweza kusukumwa mpaka majini, bali hawezi kusukumwa aamini. Afundishwe kwanza, ndipo abatizwe. Wala fungu la kumi lisidaiwe kwa watu ambao imani yao ingali changa. Mwaka 797 sheria ya Wasaxon ililegezwa, na makosa mengi yakalipiwa faini.

Na kuhusu lugha, sinodi ya Frankfurt ya mwaka 794 ilikana kwamba Mungu aombwe kwa lugha tatu tu. Kila lugha yasikiwa naye. Mwaka 813 maaskofu waliokutanika Tours waliagiza mahubiri yafasiriwe katika Kirumi cha watu wa kawaida au katika Kijerumani, ili wote wafahamu. Kaisari akafa Aachen tarehe 28 Januari 814.

Basi walimu na wapime wenyewe. Upanga uliwafikisha Wasaxon kwenye maji ya ubatizo. Lakini kuyafahamu maneno yaliyosemwa juu ya maji yale kulihitaji mwalimu, na lugha waliyoijua.