Kasi ya Mshale: Kutoka Kabete hadi Kilima cha Makumbusho

Barabara ya Waiyaki, itokayo Westlands ikapita Kangemi na Uthiru kuelekea Kabete, imebeba jina la Waiyaki wa Hinga, mzee wa Kikuyu ambaye mwaka 1890 alikula yamini ya urafiki na Kapteni Lugard huko Dagoretti, na mwaka 1892 akafia Kibwezi akiwa mateka wa Waingereza. Na katika zama zake upande huu wa magharibi wa Nairobi, ambao leo ni majumba na maduka, ulikuwa nchi ya upinde, ambayo misafara kutoka pwani iliikaribia kwa hadhari kwa ajili ya mishale yake ya sumu. Kabete hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Louis Leakey mwaka 1903, mtoto wa wamisionari aliyekua pamoja na vijana wa Kikuyu, naye mwaka 1926 akachapisha Uingereza makala ya kuainisha pinde na mishale ya Afrika, kisha baadaye akawa msimamizi wa Makumbusho ya Coryndon, yaliyofunguliwa mwaka 1930, ambayo ndiyo Makumbusho ya Taifa ya leo pale kilimani. Uainishaji ule ulifuata maumbo. Kasi ya mshale ni bahari nyingine, na aghalabu watu huikosea.

Upinde wa kisasa wa mawindo, wenye roda ncha zote mbili, uliombewa hataza mwaka 1966 na Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, akaipata mwaka 1969. Hikima yake ni hii: upinde wa mti huzidi kuwa mzito kadiri unavyovutwa, hata uzito wake wote ukaja mwishoni, mkono ukiwa umekwisha kuchoka, ilhali roda zisizo duara kamili huuleta uzito ule mapema, zikaudumisha karibu muda wote wa kuvuta, kisha zikaupunguza ghafla, mwindaji akashika sehemu ndogo tu huku akilenga. Nguvu iliyowekwa akiba ni nyingi zaidi, na upote ukiachiwa huikabidhi kwa mshale.

Watengenezaji hutangaza kasi ya futi 340 kwa sekunde, yaani mita 100 na ushei, lakini kipimo hicho aghalabu ni cha upinde wa ratili 70, uvutwao inchi 30, kwa mshale mwepesi wa gramu 23 hivi. Upinde ule ule ukipewa mshale wa gramu 35, kasi hushuka hadi mita 80 na kitu, na hapo asiyejua hudhani amepata hasara; kumbe mshale mzito hupokea sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya upinde, tena hupenya vizuri zaidi. Na hata mshale wa mita 100 kwa sekunde haumshindi mnyama kwa masikio, maana sauti ya upote huenda zaidi ya mara tatu ya kasi hiyo, ikamfikia na kumshtua kabla chembe haijamgusa.

Wawata wa nyika ya Tsavo, ambao Wagiriama huwaita Waliangulu, waliyajua hayo kwa mikono yao. Pinde zao zilivutwa kwa uzito upitao ratili 100, daraja moja na pinde za Waingereza zilizoopolewa katika jahazi la kivita la Mary Rose, lililoinuliwa mwaka 1982, nao walimnyemelea ndovu hata wakawa hatua chache tu kutoka ubavuni mwake. Uzito ule ulikuwa wa kuipasua ngozi na kuifikisha ndani sumu iliyopikwa kutokana na mti wa Acokanthera, sumu ambayo kiini chake kilitengwa na Mfaransa Arnaud mwaka 1888, nayo huushika moyo ukasimama. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ustadi usiopewa haki yake: ukaribu, uzito na sumu vilifanya kazi ambayo mwindaji wa leo anaidai kasi peke yake.

Msako wa majangili wa 1956 na 1957, chini ya David Sheldrick, msimamizi wa mbuga ya Tsavo Mashariki, na wenzake, uliwatia Wawata wengi gerezani, na Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji. Pinde zilizosalia zi katika hifadhi za makumbusho na majumba ya watu, na yafaa kila moja iandikiwe, zaidi ya kabila na mahali, uzito wa kuvutwa, urefu wa mvuto na uzito wa mshale wake. Mafundi wachonge mfano wake, mshale upitishwe mbele ya chombo cha kupimia mwendo, maadamu wangali wako wazee wa kutuambia kama mfano ule umevutwa ipasavyo.