Ng'ombe wa Buha na Ufundi wa Kuwaongoza Bila Kamba

Buha ni nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zinazopakana na Burundi na leo zimo katika wilaya za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Kabla ya ukoloni nchi hii ilikuwa falme kadhaa ndogo: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi, na nyingine. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake wa ukoo wa Kitutsi, na chini yake watware waliosimamia maeneo. Mambo ya ardhi na matambiko yake yalibaki kwa wateko, wazee wa koo za Kiha zilizotangulia kukaa nchini. Watutsi walikuwa wachache sana mbele ya Waha wakulima, na nguvu yao ilikuwa ng'ombe wa pembe ndefu wa jamii ya Ankole.

Ng'ombe huyo aliingia katika nyumba za wakulima kwa njia ya ubugabire. Mwenye mifugo alimkabidhi mkulima ng'ombe. Mkulima akamtunza, akapata maziwa na samadi, naye akalipa kwa pombe, kazi na heshima. Mali ilibaki ya bwana, na uhusiano ukiharibika aliweza kuidai. Mkataba wa namna hii ulidai ujuzi, maana aliyepoteza ng'ombe wa bwana wake porini alikuwa amepoteza pia ulinzi wake.

Ujuzi wenyewe ulikuwa wa kuongoza kundi lililo huru. Ng'ombe wa Ankole hafungwi kamba machungani. Kila mmoja ana jina, mara nyingi kwa rangi yake au umbo la pembe, na huitwa kwa jina hilo, kwa mluzi au kwa wimbo. Mchungaji humjua jike anayetangulia. Akishageuka huyo, wengine hufuata. Fimbo hutumika zaidi kuonyesha njia kuliko kupiga. Kila mnyama ana mpaka wake wa woga, na mtu akiuvuka, mnyama husogea. Mchungaji akiwa nyuma ya bega, ng'ombe huenda mbele. Akijitokeza mbele ya bega, ng'ombe husimama au hugeuka. Hatua moja ya mtu inatosha kugeuza pembe zenye upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na katika njia nyembamba za mlimani hatua hiyo ikikosewa wanyama huchomana.

Jioni kundi hurudi zizini lenyewe, kwa sababu mbili zilizopangwa na watu. Ndama huwa wamezuiwa nyumbani kutwa, na mama zao wana hamu ya kunyonyesha. Pia katikati ya zizi huwashwa moto wa kinyesi kikavu na nyasi, ambao moshi wake hufukuza nzi. Wakati wa kukamua, ndama huachiliwa anyonye kidogo hadi maziwa yashuke, kisha huvutwa pembeni. Jike asiyemwona ndama wake hubana maziwa, na hapo nguvu za mkamuaji hazisaidii kitu.

Anayefahamu sarakasi za Ulaya atautambua ufundi huu. Tangu Philip Astley alipoanza maonyesho yake ya farasi London mwaka 1768, duara la sarakasi lilikuja kuzoeleka kwa upana wa mita 13 hivi. Ndani yake farasi wasiopandwa wala kushikwa hatamu huzunguka, hugeuka na kupanga safu kwa ishara za mtu mmoja aliyesimama katikati. Mjeledi mrefu huonyeshwa nyuma ya mnyama ili aende. Kijiti kifupi huonyeshwa mbele yake ili apunguze mwendo. Kila farasi hufundishwa kwanza peke yake, ajue jina lake na nafasi yake, ndipo aunganishwe na wenzake. Sheria ya bega ni ileile. Si mbali na Buha, ufundi huo ulifika hadi kuwa onyesho: katika ikulu ya Rwanda ng'ombe wa inyambo walipambwa pembe na vipaji vya uso, wakazoezwa kupita mbele ya mfalme kwa mwendo wa kutulia huku wakiimbiwa. Makumbusho ya Nyanza bado yanawatunza, pamoja na waimbaji wao.

Farasi hawakupata nafasi Buha. Mabonde ya Malagarasi na Moyowosi, yenye misitu ya miombo, ni makao ya mbung'o, na ugonjwa wa nagana anaoueneza humuua farasi upesi kuliko ng'ombe. Msafiri Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili. Wote walikufa Kingaru, mapema kabisa safarini. Mbung'o asisingiziwe hapo, kwa kuwa mmoja alipopasuliwa alikutwa na minyoo tumboni. Punda walifika mbali zaidi. Novemba mwaka huo, kwenye kivuko cha Malagarasi, punda wake aitwaye Simba alivushwa kwa kamba shingoni, akakamatwa na mamba katikati ya mto. Watu walivuta kamba bila mafanikio. Baada ya hapo msafara uliingia Uha, yaani Buha, ambako hongo za kuruhusiwa kupita zilimchosha Stanley kiasi cha kutoroka usiku kwa njia za porini hadi karibu na Ujiji.

Pigo kubwa kwa mifugo lilikuja na ugonjwa wa sotoka, ulioenea Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 na kufyeka makundi. Mtafiti Helge Kjekshus alieleza jinsi kupungua kwa ng'ombe na watu kulivyorudisha vichaka, na vichaka vikarudisha mbung'o. Wajerumani, kisha Wabelgiji waliotawala Kigoma kuanzia 1916 hadi 1921, kisha Waingereza, wote waliikuta nchi yenye ng'ombe vilimani na nzi mabondeni. Miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa Kibondo na Kasulu katika makazi ya pamoja ili kuzuia malale. Vijana wengi walikuwa tayari wanakwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge Tanga, na wachungaji wakapungua.

Heru ilipata mwami mwanamke, Theresa Ntare, mwaka 1946. Uchifu ulifutwa nchini mwaka 1963, na ubugabire ukakosa mabwana wa kuusimamia. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, mbali na mazizi na malisho ya zamani. Wakimbizi wa Burundi na Kongo walipofika kwa wingi miaka ya 1990, kambi kama Nyarugusu huko Kasulu na Nduta huko Kibondo zilihitaji ardhi, kuni na maji katika eneo hilohilo.

Siku hizi makundi makubwa mabondeni mara nyingi ni ya Wasukuma, wenye ng'ombe wa nundu na pembe fupi. Pamoja nao umeenea ufundi mwingine, wa maksai wa kulimia, ambao hutegemea kamba na nira. Dume mchanga huhasiwa, hufungwa nira moja na maksai mzoefu, na mtoto hutangulia mbele akishika kamba hadi mnyama ajifunze kufuata mstari kwa sauti ya mkulima aliye nyuma ya jembe.